Nakala Mbili za Mama Akicheza

Aliyebuni ule mfumo mpya wa kompyuta hajawahi kuapishwa na mama yake. Angewahi, asingeunda kitu kinachokurudishia asubuhi ulichokifuta jana, tena kikurudishie mara mbili, tena bila hata kukuuliza.

Sikuutaka. Laptopu yangu ilikuwa nzima na mimi nilikuwa mzima. Kisha ikaanza kunitishia kila nikiifungua: mfumo wako umezeeka, hautalindwa tena, sasisha sasa au ukumbushwe baadaye. Nilichagua baadaye kwa miezi. Shuleni ninakofundisha wakaniambia alama za wanafunzi hazitaingizwa tena kwa mfumo wa zamani, basi nikasalimu amri. Ilijisasisha nusu siku nzima, ikala bando langu lote, halafu ikaniuliza maswali kama saba hivi. Kila swali lilikuwa na kitufe kimoja kikubwa cha rangi na kingine kidogo kilichofifia. Mimi nilikuwa na rundo la madaftari ya kusahihisha. Nilibonyeza kile kikubwa mara zote saba.

Kesho yake kila kitu kilikuwa viwili viwili. Azimio la kazi la darasa la sita, na azimio la kazi la darasa la sita, nakala. Mtihani wa Kiswahili, na mtihani wa Kiswahili wenye moja kwenye mabano. Nilichapisha orodha ya alama nikaibandika ukutani, kumbe ni ile ya zamani kabla sijaisahihisha, na mzazi mmoja akaja shuleni kunifokea kwamba nimemshusha mwanawe. Alikuwa na haki. Na mimi nikamfokea, bila haki yoyote.

Hayo ningeyasamehe. Lakini katikati ya maazimio ya kazi palikuwa na video ya mama yangu akicheza chakacha, na pembeni yake palikuwa na nyingine ya pili.

Video hiyo ilitoka kwenye harusi ya mdogo wangu, siku ya ngoma ya wanawake. Kwetu siku hiyo simu hazipiti mlangoni. Ndani wanawake wamevua mabuibui, wamejipamba, nywele ziko wazi, na hakuna anayetaka mume wa jirani aje amwone hivyo kwenye kioo cha simu. Kwa hiyo simu hukusanywa kwenye kikapu, na mwenye kikapu siku ile nilikuwa mimi. Nilizichukua simu za wanawake wa rika la mama yangu. Niliwatolea macho waliojaribu kuficha. Na muda wote huo simu yangu mwenyewe ilikuwa imelala kifuani mwangu. Mama alipoingia uwanjani, leso ameifunga chini ya kiuno, nywele zake nyeupe zimemwagika mabegani, ukumbi ukalipuka kwa vigelegele na mimi nikaitoa. Nilipata sekunde arobaini. Mama hakuwa mtu wa kucheza. Alikuwa mtu wa kukaza uso na kukuuliza umeswali au bado. Sikuwahi kumwona vile kabla ya siku ile, na sikumwona tena.

Usiku haujaingia nilikuwa nimeshamtumia bi harusi, mdogo wangu. Baadaye hata mama mwenyewe alionyeshwa, akacheka mpaka akajifunika uso. Lakini miaka ikapita, akaenda hija, akarudi, akaanza kuugua. Siku moja aliniita chumbani kwake akaniambia nifunge mlango.

"Ile yangu nikiteza, ungali nayo?"

"Ninayo, mama."

"Ifute. Mimi nishakwenda hija kwa Mngu, sitaki kuwatwa nyuma kitwa wazi. Mukinitizama nami niko kaburini, ndimi niandikiwaye dhambi."

Nilitoa simu nikaifuta mbele ya macho yake. Akataka niape kwamba haiko popote tena. Nikaapa. Kwenye simu ile kweli haikuwepo tena, lakini neno nililoliapia ni popote. Alifariki baada ya miezi minne.

Sasa nifikirieni mimi, asubuhi, na chai yangu, nakutana naye kati ya mitihani, mara mbili. Nilizifuta zote bila kuzifungua. Nikaiuliza kompyuta kwa sauti, nani amekuomba? Asubuhi iliyofuata zilikuwepo, zote mbili. Nikazifuta nikabana kitufe cha kuzimia mpaka kioo kikawa cheusi. Siku ya tatu zilikuwepo. Nilizifuta tena, lakini kabla ya kuzifuta nilitazama. Nilitazama sekunde zote arobaini. Hilo nalo nililihesabu kuwa kosa la kompyuta.

Mume wangu akasema nimpelekee fundi. Nikamuuliza fundi yupi, maana mafundi wote ninaowajua ni wanaume, na humo ndani yumo mama yangu na nywele zake.

"Basi mwambie asitazame," akasema.

Nilimkazia macho mpaka akaondoka kwenda msikitini, na adhana ilikuwa bado.

Mwishowe fundi alikuja yeye nyumbani, na tukafanya kazi hivi: yeye alikaa nje kwenye daka, kile kibaraza cha mawe mbele ya mlango, na mimi nikakaa ndani nyuma ya ubao wa mlango na laptopu mapajani. Yeye anauliza, mimi nasoma.

"Mwalimu, hapo juu kulia waona nini?"

"Kuna picha ya wingu na mshale."

"Ibonyeze."

"Nimebonyeza. Inazunguka."

"Iwate izunguke."

Watu waliokuwa wakipita walimtolea salamu wakamuuliza anazungumza na nani. Akawa anawajibu, "Nazungumza na mlango," na wao wanacheka. Nilitamani nimfungie nje, ila nje ndiko alikokuwa tayari.

Akanieleza. Katika yale maswali saba, moja lilikuwa linaniomba ruhusa ya kuweka faili zangu zote mtandaoni, kwenye akaunti yangu, pamoja na vyote vilivyokuwa vimeshahifadhiwa humo kutoka kwenye simu. Mtihani niliowahi kuutuma kwenye simu ukakutana na mwenzake wa kwenye laptopu, na mfumo ukaiweka yote miwili, usije ukapoteza kitu.

"Kompyuta haina kosa, mwalimu. Mwenyewe umekubali."

Hakuna kinachonichoma kama kuambiwa nimekubali. Nilimwambia ningeulizwa kwa Kiswahili na kwa herufi zinazoonekana ningekataa, na kwamba hiyo si ruhusa, huo ni wizi wenye adabu. Alingoja nimalize. Kisha nikamuuliza, na zile ninazozifuta zikarudi?

"Hizo hazirudi. Hurudishwa. Kuna mtu angali na akaunti yako kwenye simu nyingine, naye huzitoa kwenye taka. Hebu nisomee vifaa."

Nikamsomea. Laptopu. Simu yangu. Na simu yangu ya zamani, ambayo nilimpa mdogo wangu mwaka wa msiba, akaihamishia picha zake zote.

"Na hiyo faili yenyewe ni ya nini?"

"Ni faili tu."

"Haya. Nisomee kila moya imeingia lini na imetoka wapi."

Nilisoma. Moja ilitoka kwenye simu ile ya zamani. Nyingine ilikuwa ndani ya laptopu yangu tangu wiki ya harusi, katika folda ya mitihani iliyopitwa na wakati.

"Basi hiyo si nakala, mwalimu," akasema fundi kutoka nje. "Hizo ni faili mbili mbalimbali. Moya ni yako."

Nikamshukuru kwa sauti ya mtu anayefukuza kuku.

Ningependa kuandika kwamba nilikuwa nimesahau. Sikusahau. Niliiweka mimi kwenye folda ile, kwa sababu hakuna anayefungua mitihani ya zamani, na nilipokuwa naapa mbele ya mama nilijua iko. Nilijiambia nitaifuta kesho. Kesho yake mama hakuweza kunyanyua kichwa, na baada ya hapo sikujiambia chochote. Mfumo ule haukunirudufia kitu. Ulinitolea tu nje nilichokificha, ukakiweka karibu na cha mdogo wangu, na kwa hilo niliuchukia zaidi kuliko kwa mengine yote.

Nilikwenda Kizingitini, alikoolewa mdogo wangu, na hasira ambayo ilibidi nimpe mtu. Maji yalikuwa yamekupwa, boti ikangoja penye mkondo wa Mkanda mpaka yajae, na mimi nikaketi nikipanga maneno.

Nilimkuta uani anakuna nazi. Alifurahi kuniona. Akacheka akasema siku hizi simu yake inajaa mitihani ya darasa la sita, akadhani namtumia anisaidie kusahihisha.

"Wewe ndiwe urudishaye ile ya mama?" nikamuuliza, hata sijakaa.

"Naona imefutika, nairudisha. Nalidhani ni simu, imekuwa mbovu." Akaacha kukuna. "Kwani ni wewe uifutaye?"

"Mama aliniapisha. Alitaka ifutwe popote ilipo."

"Hukunambia."

"Nakwambia sasa."

"Miaka yote hii, dada?" Alinitazama usoni, na mimi nikatazama mbuzi ya nazi. "Wewe ulikuwa naye nyumba moya mpaka siku ya mwisho. Ulimlisha, ulimwosha. Mimi nalifika kishatolewa kuzikwa. Hiyo ndiyo niliyo nayo. Huitizama kila asubuhi, ndipo nikashika kazi."

Mtu mwenye hasira akishindwa huokota jiwe zito kuliko yote. Nikamwambia, "Basi kila asubuhi unapomtazama, kila asubuhi mama anaandikiwa. Endelea."

Alijifuta mikono kwenye leso, taratibu, kidole kwa kidole. Akaingia ndani akatoka na simu akanipa. Nilipokuwa naifungua akauliza, bila ubaya wowote, kama mtu anayetaka tu kuelewa:

"Na ile ya pili? Mbona zalikuwa mbili?"

Nilikuwa na muda wa kutosha. Uani palikuwa kimya, mume wake alikuwa kazini, na yeye ni mtoto wa mama kama mimi. Ningemwambia. Tungefuta zote mbili, au tungekaa chini tukazitazama, au tungelia, au angenitukana, na ningestahili.

"Ni hiyo hiyo yako," nikasema. "Huu mfumo mpya una tabia ya kurudufu kila kitu."

Aliniamini. Mimi ndiye mwalimu, mimi ndiye mwenye kompyuta. Nikaifuta ile yake mbele ya macho yake, nikaitoa na kwenye taka, nikaiondoa simu yake kwenye akaunti yangu ili kisirudi kitu. Nilikuwa makini. Niliangalia mara mbili nisije nikagusa isiyo yake. Nilipomrudishia simu alikuwa ameshakaa tena kwenye mbuzi, anakuna, na kifuu kilikuwa kimekwisha nazi, sauti yake ni ya chuma na gamba tu. Hakuinua kichwa. Akaniuliza kama nitakula. Nikamwambia boti inaondoka.

Niliporudi nyumbani nilizipitia faili zote kwa siku mbili, nikafuta kila iliyojirudia. Tangu hapo hakuna iliyorudi. Mume wangu ananisifu kwa watu kwamba nimeitengeneza mwenyewe. Azimio la kazi liko moja, orodha ya alama iko moja, kila mtihani uko mmoja. Mama naye yuko mmoja, katika folda ya mitihani ya zamani, na kila asubuhi kabla ya kwenda shule namtazama.