Kifungua Mimba Hakuwa Kaka

Cheka ukitaka, lakini haya yalinikuta mimi mwenyewe, mchana kweupe, nyumbani kwetu Ruanda, huku Mbinga. Chumvi sijaongeza.

Mama alikuwa amelala ndani kwenye jeneza, maziko kesho yake. Ukoo ukanitwika wasifu wa marehemu, eti kwa kuwa nafundisha shule. Nikajitenga nyuma ya nyumba, kwenye kichanja cha kuanikia kahawa. Niliandika kwa shida, machozi yananikatiza kila mstari.

Akaja mwanamke, kanizidi umri, akasimama upande wa pili wa kichanja. Nikadhani ni ndugu wa ziwani, maana mama alizaliwa Liuli na wa kule wengi siwajui. Nikamwamkia shikamoo dada, akaitikia taratibu, akaomba nimsomee. Alisikiliza huku mkono wake wa kushoto ukichambua kahawa, na pembeni ya kidole cha mwisho kilining'inia kingine kidogo, kama punje ya hindi. Nilipofika "kifungua mimba wake ni kaka yetu," akanikatisha.

"Siye huyo. Ulizia vizuri, mdogo wangu."

Nikatazama karatasi. Kuinua macho, hayupo. Nyuma pale ni migomba na bonde, angepotelea wapi upesi hivyo? Sikuogopa, niamini. Nilichukia tu kukosolewa na mgeni.

Nikamfuata mama mdogo jikoni, nikamweleza maneno ya yule mwanamke. Pale hakuna aliyemwona mgeni huyo. Mama mdogo akaacha kupepeta, akauliza mkono wake ulikuwaje. Nilipotaja kidole, akaketi chini akalia sana. Kumbe kabla ya kaka, mama alizaa binti mwenye kidole cha ziada, mtoto akafa hajabatizwa. Zamani kichanga kama huyo alizikwa na akina mama tu, nyuma ya nyumba, bila matanga, na hatajwi tena, ili kizazi cha mama yake kisifungwe.

Nilipomwambia kaka kuwa nataka kumwandika binti huyo, alikataa katakata. Alisema mambo hayo hayasomwi mbele ya padri, na yeye ndiye mkubwa, basi. Usiku ule sikupata usingizi. Nikinyamaza, namzika mama kwa uongo. Nikisema, nampoteza kaka.

Kesho yake nikasimama mbele ya jeneza, nikasoma: "Kifungua mimba wake alikuwa binti, naye alimtangulia mbele za haki."

Upande wa akina mama ikapanda sauti moja, ya upole: "Ee mama." Tuliisikia wote. Hakuna aliyekubali kuwa ni yake.

Kaka hakunisemesha mpaka tulipoanua matanga. Asubuhi hiyo alikuja na jembe begani, akamwomba mama mdogo amwonyeshe mahali alipozikwa yule mtoto. Sasa pana msalaba pale, na kaka akiulizwa anasema yeye ni wa pili. Mimi nikienda kuanika kahawa naamkia kwanza, hata kama simwoni mtu.

Nawe siku ukipewa kalamu umwandike mama yako, usiishie kwa wanaoitika wakiitwa. Waulize wanawake wazee mapema. Mwenyewe akija kudai nafasi yake, utamjibu nini?