Mnazi wa Ukingoni

Siku yangu ya kwanza kazini sikupanda mnazi hata mmoja. Fundi Mkuu wa shamba, mzee mwembamba aliyehamia huku kutoka Kilifi kama sisi, alinisimamisha chini ya mti tangu asubuhi akaniambia nitazame tu. Juu kulikuwa na mgema akikata. Shingo iliponiuma nikamwuliza yule wa juu kama kuna upepo. Weh! Nilipigwa kofi la kisogo nikaona nyota.

"Mtu aliye juu hasemeshwi," Fundi Mkuu akaniambia. "Ana kisu mkononi na miguu iko kwenye makuti. Ukimwita atatazama chini, na akitazama chini tumezika."

Hilo ndilo lililokuwa somo langu la kwanza, kabla hata sijashika kisu.

Ninyi vijana mnakunywa tembo Garsen mkidhani linatoka kwenye jerikeni. Shamba letu lilikuwa la familia moja, kando ya mto upande wa Kulesa, na tembo lake jeupe lilisifika hadi Minjila. Mnazi unapotoa panda, yaani ua ambalo bado limefungika ndani ya ganda lake, mgema hulifunga kwa kamba lisichanue, halafu hukata ncha yake kwa kotama, kisu chembamba kilichopinda. Utomvu hudondoka ndani ya kibuyu, tone kwa tone. Asubuhi, adhuhuri na jioni unapanda tena kukata kipande chembamba. Ukiruka mara moja, tembo linapungua. Ukiruka siku mbili, panda inakauka na kazi yako yote imekwenda bure. Mgema hana Krismasi wala matanga. Mama yangu nilimzika asubuhi, na adhuhuri nilikuwa juu ya mti.

Miaka ya mwanzo nilikuwa Shamba la Juu, karibu na barabara. Kisha nikahamishiwa ghalani kwa Msimamizi wa Ghala, bwana mmoja aliyeweza kunusa kibuyu kisichooshwa akiwa bado mlangoni. Hakumsifu mtu kamwe. Ukimwuliza kwa nini, anakwambia mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nilimchukia yule mtu, halafu nikawa kama yeye.

Fundi Mkuu alipofariki, Mama Mwenye Shamba, mjane aliyebaki na mali yote mikononi, alinipa mimi cheo hicho cha Fundi Mkuu na wagema sita wa kuwaangalia. Nasema kweli, tangu siku hiyo sikulala usingizi wa raha. Niliogopa upepo, niliogopa vidato vya kukanyagia vilivyooza, niliogopa majimoto, wale siafu wekundu wanaomng'ata mtu akiwa hana mkono wa kujikuna. Mke wangu, mama yake Kadzo, alinicheka ati hata nikila naangalia juu.

Mwaka wangu wa mwisho mto ulijaa bila mvua kwetu. Ilinyesha huko juu, sisi tukaletewa maji. Mto ukaanza kuula ukingo wa Shamba la Chini, lile linalopakana na maji, na huko ndiko tulikokuwa na panda nzuri kuliko zote. Wiki hiyo hiyo mpwa wa Mama Mwenye Shamba alikuwa anapeleka mahari. Kwetu mahari haiendi bila kadzama, kibuyu kikubwa cha tembo la heshima, na kwenda na tembo la kununua ilhali shamba unalo ni aibu ya ukoo mzima. Mama akaniagiza panda zisikauke, wakwe wanangoja. Simlaumu. Yeye hakuwa ameuona ukingo. Mimi nilikuwa nimeuona.

Asubuhi ile nilikutana njiani na Mzee Godana, mfugaji wa Kiorma aliyekuwa akinywesha ng'ombe wake mtoni, jirani na shamba. Yeye ni Mwislamu, tembo letu halimhusu, lakini tulisalimiana miaka yote kama ndugu. Akanieleza kwamba ng'ombe wake wamegoma kushuka mahali pao pa kila siku.

"Karisa," akasema, "ng'ombe mwenye kiu hakatai maji. Anakataa ardhi."

Nikamshukuru, nikaenda zangu hadi ukingoni.

Charo, mgema wangu hodari, alikuwa ameshafika. Nilimwambia apande ule mnazi wa ukingoni, akate, ashuke upesi. Akanitazama kidogo, akapanda. Alipokuwa juu akifungua kibuyu, niliona ufa ardhini kati ya miguu yangu na shina. Mwanzo ulikuwa kama uzi. Baada ya muda kidogo ungeweza kuingiza kidole.

Hapo ndipo nilipopaswa kupiga kelele. Sikupiga. Miaka zaidi ya thelathini ya kutomsemesha mtu aliye juu ilinizuia. Nikajiambia, nikimwita atatazama chini aanguke, na damu yake itakuwa juu yangu. Acha amalize, anashuka sasa hivi. Nilimwona akisita kukata, kisha akaendelea. Mnazi ukainama polepole kuelekea mtoni, halafu ukang'oka wote ukaanguka majini, Charo akiwa juu yake.

Godana na wanawe ndio waliomvuta kutoka majini. Alivunjika nyonga, lakini alikuwa hai. Mahari ikapelekwa na tembo la kununua, na hakuna aliyekufa kwa aibu.

Mwezi uliofuata niliacha kazi. Watu husema kustaafu ni kupumzika. Mimi nikisikia mti ukilia kwa upepo bado natoka nje mbio. Charo siku hizi anauza maembe Minjila, anatembea kwa mkongojo, na kwa muda mrefu nilipita njia nyingine nisikutane naye. Juzi nikajikaza, nikaenda. Nilimwambia yote: kwamba ufa niliuona, nikanyamaza, na kwamba naomba msamaha wake kabla sijafa.

Alikuwa akipanga maembe yake, akayaacha.

"Baba Kadzo, mimi pia niliusikia mti ukikatika mizizi," akasema. "Nilitaka kushuka. Lakini nilijua umesimama pale chini, nikajiambia, Fundi Mkuu yupo na amenyamaza, basi niko salama."