Mstari Nilioufuta

Nilikuwa na cheti cha darasa la saba, mdomo usiotulia na vidole vyepesi. Vidole vilinipatia kazi ya kuchapa kwenye zahanati ya dokta mmoja pale Kondoa, enzi zile zahanati za watu binafsi zilipoanza kufunguliwa. Mdomo ulikaribia kunifukuzisha mara mbili.

Kila mgonjwa alikuja na daftari lake la shule, lile alilokuwa akiandikiwa matibabu tangu zamani, nami nikayahamishia kwenye kompyuta. Dokta alikuwa ameweka programu ya kukagua maneno ya kitabibu. Neno isilolijua ililiwekea mstari mwekundu. Yeye alitaka ukurasa safi, na mimi nilipenda kusifiwa. Nikimaliza namrudishia mtu daftari na kumwambia: kafungie vitumbua, sasa uko kwenye mashine.

Bibi mmoja muuza vitumbua alicheka sana niliposema hivyo.

Kwenye daftari lake nesi wa zamani alikuwa ameandika kwamba sindano ya penisilini inamkataa, alivimba uso hadi koo. Nikaichapa, mstari wote mwekundu. Sikujua kwa kidaktari inaandikwaje. Na kuuliza, mjuaji kama mimi? Nikafuta.

Mvua zilipoanza bibi akaletwa na binti yake, kifua kimembana, hawezi kusema. Nesi wetu akauliza kama kuna dawa inayomkataa. Binti hakujua. Daftari je? Lilishachanwa, likafungiwa vitumbua. Nesi akanigeukia, nikafungua ukurasa. Safi kabisa. Akaanza kuvuta penisilini kwenye bomba la sindano.

Nikamshika mkono.

"Nesi, usimchome. Penisilini inamkataa."

"Kompyuta ndiyo inasema?"

"Haisemi. Nilifuta mimi."

Dokta alikuwa amesimama mlangoni. Akabadilisha dawa, hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Wiki nzima nilizunguka majumbani kuomba madaftari ya wengine niliowafutia mistari. Mengine niliyapata, mengine yalishawashiwa moto jikoni, na wenyewe walinijibu kwa maneno yangu yale yale.

Bibi alipopata nafuu akaja hadi mezani kwangu.

"Wewe ndiye uliyenifuta?"

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Niandike tena, nikiona."

Nikaandika kama nesi wa zamani alivyoandika, neno kwa neno. Mstari ukawa mwekundu. Nikamuuliza dokta kama niuache hivyo.

"Uache," akasema.