Injini Imezimwa, Kelele Bado Ipo

Asubuhi hii, kwenye kijiwe cha bodaboda Kwa Sadala, Eliakim Nkya anaziba masikio yake mbele ya abiria, na abiria hapendi.

Anakibinyabinya kizibo cha sponji kati ya vidole viwili, analivuta sikio kwa juu, anakisukuma ndani na kusubiri kivimbe. Kisha sikio la pili. Mektrida, mfanyabiashara wa ndizi anayepanda naye kwenda Masama kila siku ya soko, amesimama na kikapu chake akimtazama kama mtu anayeona maziwa yakimwagika.

"Eliakim, mwanangu, sasa nikikuambia simama utanisikiaje?"

"Nitakusikia, mama."

"Pamba masikioni huwekwa maiti."

"Hii siyo pamba. Na wiki iliyopita ulipiga kelele nikuteremshe kanisani. Nilikuteremsha wapi?"

Mektrida anaguna. Eliakim alimteremsha mbele kabisa, karibu na josho la ng'ombe, naye mama akarudi kwa miguu na kikapu kichwani. Siku ile Eliakim hakuwa na kizibo chochote.

Na hapo ndipo panapomchosha Eliakim. Miaka kumi na moja ameendesha masikio wazi, hasikii abiria, na watu waliishia kumtania tu. Leo ameziba ili asikie, kila mtu amekuwa daktari.

"Sikio la kufa halisikii dawa," anasema Jackson, dereva mwenzake, akiwa amelalia tangi la pikipiki yake. Kijiwe kizima kinacheka. Eliakim anavaa kofia yake ngumu, anafunga mkanda chini ya kidevu, anaondoka na Mektrida wake.

Ana miaka arobaini na tatu, mzaliwa wa Masama, mwenye migomba, kahawa kidogo na ng'ombe wawili. Lakini kinacholisha nyumba ni pikipiki. Kila asubuhi hukusanya madumu ya maziwa kwa wafugaji wa huko juu, huyashusha Kwa Sadala, kisha hushika lami hadi Moshi mjini, kwenye migahawa ya Majengo. Abiria huja baadaye, akisharudi.

"Maziwa hayana subira," anasema. "Yakichacha njiani ni yangu. Kwa hiyo kwenye lami unaifungulia pikipiki, na pale tambarare upepo unakupiga mpaka kichwa kinavuma."

Zamani kichwa kiliacha kuvuma akifika nyumbani. Siku hizi hakiachi. Jioni migomba imetulia, ng'ombe wanacheua, na yeye bado anasikia upepo. Mkewe, Magreth, akizungumza akiwa jikoni, yeye husikia mwanzo wa sentensi na kukisia mwisho.

"Anakisia vibaya," anasema Magreth. "Nikisema leta kuni, analeta maji. Nikirudia, anasema nafoka. Na redio anaifungulia mpaka jirani anajua matangazo yote ya vifo."

Eliakim alipolalamika kijiweni, jibu lilikuwa moja: ekzosi, yaani bomba la moshi. Kwa madereva wa Kwa Sadala, kila kelele ni ekzosi. Akaenda kwa fundi Majengo, akafungiwa mpya. Pikipiki ikatulia hata mbwa wakaacha kuifukuza. Kichwa kikaendelea kuvuma vilevile.

Ukweli aliupata kwa tabia ambayo haimpi sifa. Madereva wa mteremko wa Masama wana mazoea ya kuzima injini huko juu na kuiacha pikipiki iserereke yenyewe, ili kuokoa petroli. Ni hatari, na Eliakim anasema ameacha. Lakini siku moja, petroli ikikaribia kuisha, alizima.

"Injini kimya. Ekzosi kimya. Nashuka kama gunia," anasimulia. "Na ile kelele iko palepale, ndani ya helmeti, tena inazidi kadiri ninavyoshika kasi. Nikasema, hee, kumbe siyo pikipiki. Pikipiki imelala. Huu ni upepo, na mlango nimeufungua mwenyewe."

Kofia yake ilikuwa imeharibiwa kwa mikono yake. Kioo cha mbele alikitoa, kwa sababu ukungu wa asubuhi ulikuwa ukikifunika asione njia. Sponji ya upande wa kulia aliichonga ili simu ikae sikioni, apokee wateja huku akiendesha. Kijiweni hakuna aliyeibakiza sponji hiyo. Jackson ndiye anayewachongea wengine, ana kisu chake maalumu, na hufanya kazi hiyo kwa moyo mmoja.

"Nimetoboa ukuta wa nyumba yangu, halafu nashangaa baridi inatoka wapi," anasema Eliakim, na sauti yake haina utani. "Upepo ukivuma, unaongeza sauti ya simu. Simu nayo inakupasua sikio. Ukifika unapiga kelele kwa abiria, abiria anakupigia kelele. Sisi kijiweni hatuongei, tunafokeana. Na tunaona ni kawaida."

Muuguzi Beatrice, wa zahanati moja ya masikio mjini Moshi, ndiye aliyempima. Hakumpamba kwa maneno.

"Kilichokwenda hakirudi," anasema Beatrice. "Nilimwambia hivyo hivyo, akanikasirikia. Ukikimbia kwenye lami, upepo unaopita kwenye kofia unaweza kuwa na kelele kuliko injini, na unaua sikio polepole bila maumivu. Kizibo kinapunguza ule uvumaji. Honi na mtu anayekuita vinajitokeza. Wengi wanadhani kinawafanya viziwi. Uziwi wanao tayari, ila hawajauhesabu."

Akampa vizibo, akamwambia arudishe kioo na sponji, na simu iende mfukoni. Hilo la simu ndilo gumu. Mteja akipiga asipopokelewa, humpigia Jackson, na Jackson hupokea.

Lakini Eliakim ana sababu ambayo kijiwe hakiijui vizuri, na akiisema, sauti yake hushuka.

Anapiga tarumbeta. Ni la baba yake, aliyelipiga katika kikundi cha usharika wao hadi alipofariki. Kila Pasaka, kabla jua halijachomoza, kikundi husimama makaburini na kuwapigia waliolala. Eliakim hupiga sauti ya pili, ileile ya baba yake, na kwa miaka mingi amempigia akiwa amesimama miguuni pa kaburi lake.

Mwaka jana, baada ya Krismasi, Mzee Sifael, kiongozi wa kikundi, alimnyang'anya nafasi. Alimwambia mbele ya wote: "Wewe unapiga peke yako. Wenzio wameshamaliza ubeti." Akampa ngoma kubwa.

"Ngoma," anasema Eliakim. "Mimi. Sauti ya kwanza hata asiyesikia vizuri anaweza, anapuliza tu. Sauti ya pili lazima umsikie mwenzako, maana unatembea ubavuni pake. Sasa nikakae na ngoma, baba ananisikia huko aliko?"

Ndiyo maana anaziba masikio asubuhi, asipoteze na kilichobaki, wacheke wanaocheka.

Wakipandisha Masama, leo, Mektrida anasema neno moja mgongoni, bila kufoka: "Hapa." Pikipiki inasimama mbele ya lango la kanisa. Mwanamke anashuka, anajitwisha kikapu, anashika njia. Eliakim anamtazama hadi anapokata kona. "Hata asante," anasema.

Jioni kuna mazoezi kwenye baraza la kanisa. Eliakim yuko nyuma na ngoma yake. Mwishoni Mzee Sifael anamwita achukue tarumbeta, ampigie ubeti mmoja na Doris, binti wa sauti ya kwanza.

Anaingia akiwa amechelewa. Anaacha, anajipiga paja kwa hasira. Wanarudia. Safari hii anainamisha kichwa upande wa Doris, na ubeti wote unapita, isipokuwa pale katikati ambapo anamwacha nyuma na kumsubiri.

Hakuna anayepiga makofi. Vijana wanafunga ala zao. Mzee Sifael ameshawapa mgongo, anahesabu vitabu vya nyimbo huko mwisho wa baraza, na bila kugeuka anasema kwa sauti ya chini, kama anazungumza na vitabu:

"Bado. Njoo Alhamisi."

"Nitakuja, Mzee," anajibu Eliakim kutoka kwenye ngazi za upande wa pili, ngoma begani.

Mzee Sifael anageuka. Anapima umbali kwa macho, kutoka mwisho huu wa baraza hadi ule.

"Hiyo ngoma," anasema, kwa sauti ileile, "mwachie mwingine."

Eliakim amesikia. Ameshaishusha.