Siku Niliyotafutwa kwa Ndege

Aibu hii nimeibeba muda mrefu, na huwa siisimulii mbele ya watu ninaowaheshimu (msinune, nyinyi ni marafiki, hiyo ni kazi nyingine). Ukweli ni kwamba nimewahi kutafutwa na serikali nzima, kwa magari na kwa ndege, na nilipopatikana niliona heri wangenikuta nimekufa.

Asubuhi moja niliondoka Garissa bila mpango, kama kawaida yangu (shule niliiacha darasa la saba kwa sababu dirisha lilinivutia kuliko ubao), nikadandia lori la unga lililokuwa likielekea upande wa Dadaab, gurudumu likapasuka njiani, dereva akaanza kutukana kila kitu chenye uhai, nikaona heri nishuke nitembee, nikafika kwenye kituo kidogo chenye kisima, vibanda na msikiti wa mabati, ambacho jina lake nalificha kwa heshima ya wenyewe. Hapo nilimkuta Bare, mtu wa makamo mwenye hoteli ya chai na ngamia mmoja wa maziwa. Hakuniuliza natoka wapi wala nina shilingi ngapi. Alinimiminia chai, akanionyesha mkeka nyuma ya hoteli, nikalala, nikaamka, nikakaa.

Sharti lake lilikuwa moja tu.

"Warya, kijana," aliniambia, "hapa mtu wa bara kama wewe ukienda hata kukojoa, niambie kwanza. Huko msituni iko watu wabaya. Kitu ikikupata, hawaulizi msitu, wanauliza mimi."

"Sawa, adeer," nikamjibu, kwa neno lao la kumwita baba mdogo, nikijiona mwenyeji kabisa.

Sasa, siku chache baadaye, kabla jua halijatoka, niliona wachungaji wakipita na ngamia kuelekea malishoni, na mimi tangu nizaliwe nilikuwa nataka kujua ngamia hufuata nini huko kwenye miiba ambako hata mbuzi hukata tamaa. Bare alikuwa anaswali. Nikaona si adabu kumkatiza mtu na Mungu wake, simu yangu ilikuwa inachajiwa hotelini, nikaiacha, nikasema moyoni nitarudi kabla chai haijachemka. Uamuzi ulikuwa huo tu, mdogo hivyo.

Wachungaji wale hutembea kama wanaofukuzwa. Ndara yangu moja ilikatika, mwiba ukaingia mguuni, damu ikaijaza ndara yote, nikaitupa (kumbukeni hiyo ndara), mchungaji mmoja akanipa malapa ya tairi, tukaendelea. Tulipopumzika akanipa maziwa mabichi ya ngamia, akaniambia, "Kunywa kidogo, tumbo yako bado mgeni." Nilikunywa yote. Sijui kwa nini mimi huambiwa kidogo nikasikia yote.

Walioonja wanajua. Wale wengine niseme tu kwamba wachungaji waliondoka na ngamia wao, mimi nikabaki vichakani, nikitoka kichaka hiki nahamia kile, mpaka jua likawa kichwani.

Huku nyuma, haya niliyasikia baadaye, Bare alimaliza swala akaona mkeka mtupu, begi lipo, simu ipo, mtu hayupo. Alinitafuta kila kibanda. Kisha akaenda mwenyewe kituo cha polisi kusema mgeni wake amepotea, na askari wakafuata nyayo mpaka wakaipata ndara yenye damu. Basi. Mtu wa bara, damu, msitu. Magari yakatoka, ambulensi ikatoka, ndege ikaombwa, na Bare, kwa kuwa ndiye aliyelala nami jirani, akafungwa pingu akapakiwa nyuma ya gari.

Mimi ndege naipenda. Ilipopita chini chini juu yangu, nikiwa nimechuchumaa, niliipungia mkono. Ikageuka, nikapunga mikono yote miwili. Kumbe huko juu wanaripoti kwamba wameona mtu yuko chini, hawezi kusimama, anaomba msaada.

Walinifikia kwa vumbi na bunduki. "Lala chini! Lala chini!" Suruali ilikuwa magotini, ningelalaje? Mkubwa wao, mtu wa bara kama mimi, aliitazama suruali, kisha mimi.

"Wewe ndiye maiti tunayotafuta tangu asubuhi?"

"Ni tumbo, afande."

Askari walicheka, mhudumu wa ambulensi akakaa juu ya machela yake akafuta machozi. Bare hakucheka. Aliniangalia toka nyuma ya gari, kichwa hadi miguu, kama anayehakikisha nimetimia, akasema, "Alhamdulillahi."

Walimfungua Bare pingu, nikadhani yameisha. Jioni mkubwa aliwaita wazee na chifu mbele ya hoteli. "Ndege nitajua la kusema," alisema. "Lakini magari yametumia mafuta ya mwezi mzima. Lazima yarudi. La sivyo huyu aliyeleta habari ya uongo namfikisha kortini."

"Hakusema uongo!" nikapiga kelele. "Nilipotea mimi!"

"Basi lipa wewe."

Nilikuwa na hela ya chapati. Mzee mmoja akaniuliza kwa upole, "Watu wako ni akina nani? Wapigie." Nikampigia kaka yangu kule Kitui, spika ikiwa juu, wote wakisikiliza, naye akasema, "Huyo? Mfungeni. Angalau mama atajua yuko wapi."

Hakuna aliyecheka. Kwao, aibu kubwa kuliko suruali yangu ilikuwa hiyo, mtu mzima asiye na ukoo wa kumlipia. Wakaongea Kisomali kwa muda, kisha mzee yule akamgeukia Bare, akasema kwa Kiswahili, nadhani ili nami nielewe: "Huyu hana watu. Watu wake ni wewe."

Wazee walichanga walichoweza. Kilichobaki kikawa ngamia. Mnunuzi alikuja asubuhi akamwongoza kwa kamba, na Halima, mke wa Bare, akasimama mlangoni na chombo cha kukamulia mkononi mpaka mnyama akapotea vichakani. Siku hiyo hoteli iliuza chai ya rangi.

Nilingoja Bare anitukane. Alikuja akakaa kando yangu.

"Umekula?" akaniuliza.

Kesho yake nilimuaga. Alinisindikiza mpaka barabarani, akasimamisha lori, akamwambia dereva, "Hii mgeni ni yangu. Mfikishe salama." Bado alikuwa anasema 'yangu'.

Dadaab niliingia jioni, sijui mtu, nikapata nyumba ya wageni karibu na soko. Mama mwenye nyumba alitazama mguu wangu, akasema, "Ingia ulale, mwanangu. Pesa utaleta ukipata."

Nilimwekea simu yangu mezani.

"Kwani nimekuomba simu?"

"Ichukue, mama," nikamwambia. "Na nikipotea, usiende kusema popote. Mimi si mgeni wako. Mimi nimelipa."