Shuka Tulizomzikia Nyanya

Mama yangu hapendi televisheni. Kwake ni sanduku la makelele tu. Lakini jioni ile alinikuta nimekodolea macho filamu ya Wamisri wa kale, akasimama mlangoni na sahani ya ndizi mkononi.

"Wanafanya nini na huyo maiti?"

"Wanamupitisha ndani ya mashini, mama. Kama ile inapigaka picha ya kifua ku hospitali. Wanaona ndani bila kufungua kitambaa."

"Eh! Mutu amelala salama, bado munamuchungulia?" Akakaa hata hivyo. Huyo ndiye mama, anakataa huku anavuta kiti.

Filamu ilikuwa ya Kifaransa, basi mimi nikawa mkalimani. Nikamweleza hirizi ndogo zilizoonekana kifuani, katikati ya vitambaa. Akatikisa kichwa, astaghafirullah. Kisha mzee mmoja mwenye miwani, mtaalamu wa kwenye filamu, akasema kwamba kitambaa cha juu ni kizuri mno, ila chini yake, safu kwa safu, ni nguo za nyumbani: shuka za zamani zilizochanwa, pindo bado zipo, nyingine zina viraka.

"Rudilia," mama akasema. Nikarudilia.

Nyanya, mama yake mama, alikuwa mtu wa kujipanga. Sanda yake, amerikani nyeupe, aliiweka tayari kwenye kasha miaka na miaka. Volkano ikaja, moto ukala nyumba, kasha na sanda. Tukapata chumba mtaa wa Majengo, tukashukuru tuko hai. Baadaye, waasi walipoingia mjini, nyanya akafa kwa homa, na maduka yote yamefungwa. Mama akatandua shuka za kitanda chake mwenyewe, za mistari ya buluu, moja ina kiraka, akazichana vipande vitano kama inavyotakiwa kwa sanda ya mwanamke.

Shehe alimwambia kitambaa safi kinatosha. Wapi! Hakusikia. Wanasema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Ya kwetu waliijua waosha, wapishi na mtaa mzima. Tangu hapo, kila matanga mama alikaa nyuma, kichwa chini, kama mwizi. Iliniudhi, jamani. Siku nyingine nilitamani kumtikisa.

Sasa alikuwa ameinamia televisheni.

"Huyo alikuwa mutu mukubwa?"

"Kuhani, mama. Tajiri."

"Na watu wake walimupendaga?"

"Wangehangaika hivyo kwa mutu hawamupendi?"

Alikula ndizi moja, polepole, hadi ikaisha. Halafu akaanza kucheka, na machozi yanamtoka, hata hayafuti. Nilifurahi, nikaacha kutafsiri. Filamu ikaendelea peke yake.

Tangu tumzike nyanya, mama hakuwahi kuisimulia siku ile. Alijifuta mikono kwenye kitenge, akanigeukia.

"Nilimufunga muzuri, unajua? Ku miguu nilikaza. Ku kichwa nikalegeza. Mama hakupendaga kitu cha kumukaba shingo."