Barua Juu ya Sahani

Siku ile nilipanga viti kumi na viwili uani kwa baba, katika mtaa wa Kampemba, nikifuata ukubwa wa watakaovikalia. Kiti chenye mikono, kimoja tu tulicho nacho, nilikiweka upande wa kivuli kwa ajili ya baba mkubwa. Yeye ni kaka ya baba yangu, na tangu babu afariki ndiye anayesema kwa niaba ya ukoo. Nilikuwa nimenunua kreti mbili za sukre, kama tunavyoita soda. Katikati, juu ya kiti kidogo, niliweka sahani, na juu ya sahani bahasha nyeupe iliyofunikwa kitambaa. Kwetu jambo zito haliletwi mkononi kama karanga za njiani.

Ndani ya bahasha kulikuwa na barua ya chuo kikuu. Nilikuwa nimekubaliwa kuanza masta. Barua ilisema kwamba awamu ya kwanza ya ada ilipwe kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo nafasi itapewa mwingine.

Kabla ya kuwaita wazee nilikuwa nimegonga milango mingine, na majibu yote niliyaandika kwenye daftari. Mfuko mmoja wa ng'ambo ulitaka mtu aliyekwisha kufanya kazi ya mshahara kwa miaka mitatu. Paroko alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema parokia inasaidia watoto wa sekondari tu. Redio ndogo nilikosoma habari bila kulipwa iliahidi kuniandikia barua ya sifa. Ukabaki ukoo.

Kosa langu lilianza siku nne kabla, kwenye simu. Nilimwambia shangazi, "Tantini, niko na barua. Ninataka familia yote ikae." Hakuuliza barua gani. Msichana wa miaka ishirini na sita akisema ana barua na anataka ukoo ukae, nani atauliza?

Walifika mapema, jambo ambalo si kawaida yao. Baba mkubwa alivaa suti na tai, na suti ilinuka dawa ya nondo. Shangazi alikuwa na kitenge ambacho sijawahi kukiona. Baba alikuwa amenyoa ndevu. Kila pikipiki ilipopita nje, vichwa viligeukia geti. Yote hayo niliyaona na sikuyaelewa, mimi niliyesomea uandishi wa habari, kazi ya kuangalia.

Baba mkubwa akakohoa, akanigeukia; kwetu binti huitwa mama. "Mama, na bale bageni? Bamepotea njia?"

"Bageni gani, baba mukubwa?"

"Benye barua."

Shangazi akaingilia. "Pengine bako na soni. Ba siku hizi banatumaka barua mbele, bao banakuya nyuma."

Watu wakacheka. Baba mkubwa akafunua kitambaa, akatoa miwani, akafungua bahasha. Alisoma Kifaransa kile polepole, midomo ikitembea. Alipofika kwenye muhuri alirudi juu, akasoma tena.

"Hii ni ya universite."

"Ndiyo, baba mukubwa."

"Njo itakuoa?"

"Umuulize kama iko na mbuzi," shangazi akasema, na hapo uwanja wote ukacheka. Hata mimi nilicheka kidogo, maana ilichekesha.

Kisha nikasimama nikaeleza, kwa sehemu tatu kama nilivyojiandaa: nitasoma nini, inahitajika kiasi gani, na lini nitaweza kuanza kurudisha. Katika sehemu ya pili kicheko kilikuwa kimekwisha. Katika sehemu ya tatu nilisikia chupa zikigusana kwenye kreti.

"Mama," baba mkubwa akasema, "siku ile tulikumwangia pudre, tulisema nini?"

Nilikumbuka vizuri. Siku niliyotetea kazi yangu ya lisanse, shahada ya kwanza, walinimwagia pudre, ile poda nyeupe ya watoto, kichwani mpaka kope zikawa nyeupe, na shangazi akatandika kitenge chake chini, kwenye vumbi, nipite juu yake. Pudre ni furaha. Lakini pia ni nukta. Ukishamwagiwa umetoka upande wa wanaopewa, umeingia upande wa wanaotoa. Hilo nililijua. Nilidhani tu kwamba barua nzuri ingeweza kulisogeza kidogo.

"Tulisema umemaliza," akaendelea. "Nyuma yako kuko badogo batatu ba kusomesha. Sasa unataka kurudia mu mustari?"

Hakuwa na hasira. Angekuwa na hasira ningejibu. Aliikunja barua kwa mikunjo ileile, akairudisha ndani ya bahasha, bahasha juu ya sahani, kitambaa juu ya bahasha, akaniletea kwa mikono miwili. Safari hii hakuna aliyecheka. Barua ya posa ikikubaliwa hubaki kwa mkubwa wa ukoo. Ikirudishwa mbele ya watu, hilo ndilo jibu, na halihitaji neno. Nilipiga goti, nikaipokea. Nilimtazama baba. Alikuwa fundi wa reli, mtu wa kufuata ishara, na kaka yake akishasema, yeye hasemi. Aliangalia viatu vyake.

Walikunywa sukre. Jioni nilirudisha chupa tupu dukani.

Mwezi ukaisha. Niliomba kazi ya kufundisha Kifaransa katika mji wa migodi wa Kambove, kwa sababu nilisikia huko wazazi, wengi wao wachimbaji wa madini kwa mikono, wanawaongezea walimu kitu juu ya mshahara. Ilikuwa kweli, lakini kwa namna yake. Shimo jipya likitoa mawe mazuri, wazazi walilipa na wanafunzi wakatoroka kwenda kuchimba. Shimo likikauka, wanafunzi walijaa darasani na wazazi hawakulipa. Nilijifunza kufurahi nikikuta madawati matupu, kisha nikajionea haya kwa furaha hiyo.

Nilipanga chumba nyuma ya nyumba ya mjane asiyependa maneno. Kuanzia Jumamosi mchana, shule ikifungwa, mpaka Jumatatu asubuhi, mara nyingi sikutamka chochote isipokuwa majibu ya misa. Jumapili niliosha blauzi mbili, nikazianika, nikakaa nikizitazama zikikauka. Simu ilishika mtandao kwenye kona moja tu ya ua wa shule. Baba alipiga kila baada ya wiki mbili. Aliuliza kama nimekula, kama mvua imefika huko. Nilijibu ndiyo, au bado. Kisha tulisikilizana tunavyopumua, mpaka yuniti zake za simu ziishe.

Nilikaa Kambove mwaka mmoja na nusu. Niliomba upya, nikapata barua ya pili, maneno yaleyale, tarehe nyingine. Nikarudi mjini, nikapanga chumba cha uani mtaa wa Makomeno, nikalipa awamu ya kwanza benki. Nilipotoka na stakabadhi nilisimama kwenye ngazi nikatafuta mtu wa kumwambia. Nilipitisha majina yote ndani ya simu, toka la kwanza mpaka la mwisho, kisha nikairudisha mkobani.

Nikaenda kwa baba mkubwa. Sikupeleka kreti wala sahani. Alikuwa amekaa mlangoni na fulana, akitengeneza redio. Nilimpa barua mkononi tu.

Alisoma yote, mpaka muhuri.

"Nani alilipa?"

"Miye."

"Na badogo?"

"Bado, baba mukubwa."

Nilijiandaa kunyoosha mikono niipokee tena. Lakini aliikunja barua, akasimama, akaingia ndani. Nilisikia droo ya kabati ikifunguliwa, ile anamoweka hati za kiwanja na picha ya babu, kisha ikifungwa. Alitoka mikono mitupu, akachukua bisibisi yake.

"Kule Kambove mvua ilinyesha?"

"Ilinyesha, baba mukubwa."

"Hapa bado."

Ile barua niliihitaji kesho yake, yenyewe, si nakala, kwa ajili ya faili langu chuoni. Sikuiomba.

"Uliipoteza?" karani wa usajili akaniuliza asubuhi.

"Hapana. Iko kwa baba mukubwa."

Aliniangalia kama mtu anayengoja maelezo. Alipoona hayaji, akaniambia nikae ningoje nakala. Wanafunzi wengine walikuja na ndugu zao waliobeba mafaili na maji ya kunywa, wakamaliza, wakaondoka wakicheka. Mimi niliitwa saa nane mchana, benchi likiwa limebaki na mimi tu.